Zamu za Mume Wetu

Mume wetu alitugawia zamu: wiki kwangu hapa Bagamoyo, wiki kwa mke mwenzangu kule Fukayosi. Kwa miaka mingi sikuwa na la kulalamika, ingawa kulalamika nakujua sana. Alipovuka sitini akaanza kupanda kitandani na kunipa mgongo. Nikimgusa anasema amechoka na safari.

Safari ya Fukayosi! Nikajua moja kwa moja kwamba yule mdogo anamaliza kila kitu, mimi naletewa makapi. Nikamtamkia hivyo mara kadhaa, kisha nikamnunia. Chai nilimtengea bila neno, na udi chumbani sikufukiza tena. Naye hakukana hata siku moja, nikauhesabu ule ukimya wake kuwa ndio ushahidi.

Mwaka jana, katika wiki yangu, mke mwenzangu alikuja mjini bila taarifa. Hatukuwa watu wa kutembeleana. Aliniamkia, akakaa pembeni ya mkeka, akainamisha kichwa.

"Bi mkubwa, nimekuja kukuomba. Niachie na mimi haki yangu kidogo. Akifika kwangu yuko hoi, ananigeukia ukutani. Mwaka wa pili huu."

Nilidhani ananikebehi, kumbe analia.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "na kwangu ni huo huo ukuta."

Tukatazamana. Kisha, Mungu atusamehe, tukacheka mpaka kanga zikatuvuka mabegani. Tulicheka kwa kuona kwamba hakuna aliyemwibia mwenzake.

Ndipo mume wetu akarudi kutoka kuswali alasiri. Akatukuta wake zake wawili, mkeka mmoja, tunacheka. Hakuuliza tunacheka nini. Uso ukamshuka, akageuka, akaenda zake.

Sasa anakaa Lugoba kwa dada yake. Matumizi anatuletea sote, hakosi. Tumemfuata pamoja kumbembeleza, maana tunamtaka, na nyumba bila yeye naiona pango. Nilimwambia huenda ni hicho kisukari kilichompata uzeeni, hospitali wapo madaktari, na kama dawa hakuna basi aje alale tu. Nikamwapia kwamba siku ile tulijicheka wenyewe.

"Najua," alisema. "Lakini mlipokuwa mnaoneana wivu, nilikuwa bado mume."