Fundi Aliyeloa Mchana wa Jua

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Busia, mchana peupe, na kitu pekee nilichokuwa nimekunywa ni chai. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize.

Nina kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi. Mama yangu anaishi Rukala, uwanda ambao mto Nzoia ukivunja kingo hauna mlima wa kukimbilia. Mguu wake mmoja haufanyi kazi, na masikio hayasikii vizuri. Kwa hiyo nilimfungia kompyuta ndogo ya Linux, ukubwa wa pakiti ya sigara, yenye kifaa cha kupima maji ya mtaro nyuma ya nyumba. Maji yakipanda, inanitumia ujumbe kupitia wifi ya duka la jirani, nami nawapigia majirani wamtoe.

Shida ilikuwa stima. Ikipotea na kurudi, kompyuta inawaka vizuri, lakini adapta yake ya wifi, kile kidude cha kunasa mtandao, inabaki imezimwa mpaka mtu aandike amri ya kuiwasha. Na mtu huyo ni mimi, niliye Busia! Niliandika amri ijiendeshe yenyewe kila kompyuta inapowaka. Wapi. Nikabadilisha adapta, nikaitukana, haikusikia. Mvua ilikuwa inakaribia na usingizi ulinikimbia.

Siku hiyo jua lilikuwa kali. Mwanamume akaingia, nguo zimeloa mpaka kiunoni, mguu mmoja una gambuti, kiatu kirefu cha mpira, wa pili mtupu. Hakunisalimia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasema kwa upole:

"Dada, hiyo wifi ya mama yako, unaiita kabla haijafika."

Nani alimwambia? Hata mume wangu sikuwa nimemweleza. Nikamuuliza anamaanisha nini. Akanifafanulia kwamba kompyuta ikiwaka, amri yangu inakimbia kabla adapta haijatambuliwa. Inajaribu kuwasha kitu ambacho hakijaonekana, inashindwa, basi. Niiambie isubiri adapta itokee, ndipo iiwashe.

"Ingoje tu," akasema. "Kuna wenye huchelewa kufika."

Niliinama kuandika. Nilipoinua macho, hakuna mtu. Kiti kilikuwa kimeloa matope meusi, lakini kutoka mlangoni mpaka hapo sakafu ilikuwa kavu kabisa. Niamini, nilipapasa kwa mkono.

Kesho yake nikaenda Rukala, nikafanya alivyosema. Nikachomoa waya wa stima, nikaurudisha. Wifi ikaamka yenyewe. Nilikaa kando ya mama nikalia, naye akaniuliza nani amekufa.

Mwezi haukuisha, Nzoia ikavunja kingo. Stima ilipotea, ikarudi kidogo, ikapotea tena. Katika hicho kidogo, ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Nikapiga simu, na vijana wa jirani wakambeba mama mgongoni mpaka shuleni. Jioni maji yalikuwa yamefika dirishani kwake.

Nilipomsimulia habari ya gambuti moja, mama aliniomba nirudie. Kisha akaniambia huyo ni fundi wa redio wa soko la Rukala, aliyekuwa jirani yake. Mimi nililelewa Malaba kwa shangazi, sikumjua. Katika mafuriko ya zamani fundi huyo alipata habari ya maji ikiwa imechelewa. Alikimbia kumtoa mama yake mzee, maji yakawachukua wote wawili. Mwili wa mama yake ulipatikana. Kwa fundi ilipatikana gambuti moja tu, na watu wakazika shina la mgomba mahali pake, kama tunavyomfanyia asiyepatikana.

Tangu hapo kiti kile hakikaliwi na mtu. Kila asubuhi nikifungua kibanda nakiambia asante kwa sauti, na wateja wakinicheka, wacheke. Mama yangu yuko hai, anakula, ananigombeza.

Nawe sikiliza. Akiingia kwako mtu aliyeloa siku ya jua, usimfukuze kwa sababu ya matope. Mpe kiti. Yeye alichelewa kumfikia wa kwake, na huenda amekuja kukusaidia kumwokoa wako.