Liva Fupi ya Mama Dawa

Mama Dawa alifika karakana ya shemeji yake saa nne asubuhi, pikipiki anaisukuma, haiendeshi. Kwenye usukani alining'iniza kifuko chenye liva mpya ya klachi, ile ya kubana kwa vidole, nyeusi, fupi, ambayo haikutoka kiwanda kilichotengeneza pikipiki ile. Pale karakana hakuwa amekanyaga kwa miezi saba.

Jina la Mama Dawa alipewa na wenye maduka aliowapelekea maboksi kutoka duka la dawa la jumla. Miaka sita aliifanya kazi hiyo, hadi siku liva ya klachi ilipochomoka mkononi mwake akipunguza mwendo nyuma ya lori. Pikipiki iliendelea kuvuta, akalikwepa lori, akaenda chini, mkono wa kushoto ukabanwa kati ya usukani na ukingo wa barabara. Vidole viwili vya mwisho havikukunjika tena. Na aliyeifunga liva ile, siku mbili kabla, alikuwa huyu huyu shemeji, kaka wa mume wake. Toka hapo hawakupikika chungu kimoja. Mume alibaki katikati, huku mke, huku kaka, akawa bingwa wa kuzungumzia mvua.

Sasa meneja wa duka alikuwa amekata maneno: leo saa nane mchana aje aendeshe mbele yake. Akiweza, anarudi kazini. Asipoweza, nafasi anapewa mwingine. Liva ya kawaida ilikaa mbali na mpini, ilitaka vidole vinne. Hii fupi ilikuwa na kigurudumu cha kuisogeza karibu, vidole viwili vikatosha. Mafundi wengine wawili walishamwambia aiache pikipiki, arudi kesho.

"Karibu, shemeji," fundi alisema, akijifuta mikono. "Lete nikufungie."

"Nafunga mwenyewe. Wewe utanielekeza tu."

Fundi aliutazama ule mkono wa kushoto, kisha akatazama pembeni. "Sawa."

"Na mikono yako iweke nyuma."

Akaiweka.

Alimwelekeza kwa sauti ya chini. Legeza kwanza kirekebishio cha waya. Zungusha mpaka mifereji ya kupitishia waya ilingane, waya utatoka wenyewe. Sasa nati ya chini, halafu bolti ya juu. Mama Dawa alifanya kila alichoambiwa, jasho likimtiririka mgongoni. Spana ilimponyoka mara tatu. Kila ilipoanguka, mabega ya fundi yalishtuka kama anataka kuinama, lakini hakuinama.

Liva ya kawaida ikatoka. Mpya ikaingia kwa shida kidogo, akaipaka grisi, akaunasa waya, akakaza bolti, akakaza nati. Akaivuta kwa vidole viwili. Ikaja laini. Akaiachia, nayo ikabaki pale pale, haikurudi.

"Imebana," alisema. Akapeleka spana kwenye nati ili ailegeze kidogo.

"Usilegeze."

Sauti ile ilimfanya ageuke. Fundi alikuwa amepauka midomo.

"Ile niliyokufungia mimi ilibana hivi hivi," alisema. "Sehemu yake yenye tundu la bolti ilikuwa nene kuliko nafasi. Nikalegeza nati nusu mzunguko ili irudi, nikasema nitaitoa baadaye niipige tupa, ipungue. Simu ikaita, mteja akaja, nikasahau. Ukaja ukaichukua pikipiki nikiwa nimekupa mgongo."

Miezi yote saba Mama Dawa alikuwa akiambiwa kwamba spea ilikuwa mbovu.

"Mume wangu anajua?"

"Hajui. Ulipokuwa hospitali nilisema nikuache upone kwanza. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Baadaye sikujua nianzie wapi."

Mama Dawa alikaa kwenye kigoda, spana mapajani. Angeweza kuondoka. Alitamani hata kumtupia ile spana. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na nusu.

"Leta tupa," alisema hatimaye.

Aliitoa liva, akajaribu kuipiga tupa pembeni mwa tundu, lakini mkono wa kushoto haukuweza kuibana. Iliteleza, tupa ikamkwangua kidole gumba, damu ikatoka. Aliifuta kwenye suruali.

"Ishike," alisema bila kumtazama.

Fundi alitoa mikono nyuma, akaishika. Wakapiga tupa kidogo kidogo, wakiijaribu kila mara: bado, bado, bado. Mara ya tano nati ikakazwa mpaka mwisho, liva ikavutwa, ikaachiwa, ikarudi kwa kishindo kidogo. Fundi akamwonyesha kuacha upenyo wa unene wa sarafu kabla waya haujaanza kuvuta.

"Vaa kofia," Mama Dawa akamwambia. "Panda nyuma."

"Mimi?"

"Ikichomoka leo, tunaanguka wote."

Walishuka mtaa wenye mteremko. Gia ya kwanza, ya pili. Ghafla gari dogo likatoka kinyumenyume kwenye geti bila honi. Vidole viwili vikavuta, mkono wa kulia ukabana breki, tairi likalia. Wakasimama shubiri moja kutoka kwenye bampa. Injini ilikuwa bado inanguruma taratibu.

"Shemeji," Mama Dawa alisema, "shati langu utalichana."

Fundi akaliachia.

Saa nane meneja alimpakilia maboksi manne, akamwambia apande njia ya mwinuko iliyoko nyuma ya ghala, asimame katikati, aondoke tena. Alisimama. Aliondoka. Pikipiki haikurudi nyuma hata kidogo. Meneja alimrudisha juu mara ya pili, na ya tatu, kisha akamwambia, "Jumatatu, saa mbili kamili."

Jioni alimweleza mumewe yote, pamoja na habari za nati. Mume alisimama, akatafuta viatu.

"Kaa," Mama Dawa alimwambia. "Mimi ameshaniambia. Wewe mwache aje akuambie kwa mdomo wake. Nimempa mpaka kesho."

Fundi alikuja kesho yake asubuhi, kabla hajafungua karakana. Mama Dawa aliwaachia sebule, akatoka kwenda kufua. Kutoka uani alisikia sauti ya mumewe ikipanda, ikipanda, halafu ikashuka, mpaka zikabaki sauti mbili za chini zikizungumza, na si kuhusu mvua.