Jogoo Aliyetafutiwa Mchinjaji

Enzi zetu, na wenzangu msinicheke, najua enzi zenyewe zimepita miaka mitano tu, mtoto alikuwa hainuki kwenye chakula mpaka sahani ing'are. Nimerudi juzijuzi kutoka sekondari Mombasa, nakuta wadogo zangu wanaacha wali nusu sahani na kukimbilia redio. Nikiwaambia wamalize, wananitazama kama nimetoka kaburini. Nina miaka kumi na minane na nimeshaanza kuguna kama bibi kizee.

Nyinyi mliokulia huku Omani, hapa Matrah, miaka ile mnakumbuka. Tulipofika kutoka Unguja mwaka sitini na nne, kila mtu alikuja na orodha ya vilivyobaki kule: muhogo, shokishoki, ndizi mbivu, nazi ambayo ulikuwa unaiokota tu. Huku tukakuta tende, wali na papa mkavu. Kesho yake papa mkavu, wali na tende. Jua lilikuwa linachoma mpaka vijiwe vya mdako huvishiki, tunavirusha huku tunapuliza vidole. Mama akituona tumekunja uso mbele ya papa alikuwa na neno lake moja: "Asiyetaka aseme, wapo wanaotaka." Hakuna aliyewahi kusema.

Baba alikuwa dresa hospitali, anafunga vidonda na kuchoma sindano, na sisi tulikuwa Wakristo, watu wa kuhesabika kwa vidole mji mzima. Nyumba yetu ilikuwa ya makuti ya mtende, na ukuta wetu mmoja ndio ukuta wa Bwana Seif. Huyu kule Unguja alikuwa na mashamba ya karafuu, siku ya Idi watu wanajaa uani kwake wanakula mpaka wanalala pale pale. Huku alikuwa na bakora, kanzu mbili, mkewe Bi Zuwena, na mjukuu wao Thuweiba, mwenzangu wa mdako. Kabla ya kula, Baba aliomba kwa sauti ya kujaza kanisa, na kanisa lenyewe hatukuwa nalo. Alimwomba Mungu awakumbuke wenye njaa wa dunia nzima, nchi moja baada ya nyingine, na akifika mwisho Bwana Seif huitikia kutoka upande wa pili wa makuti, "Amin." Wali umeshapoa. Mimi najisemea moyoni, Mungu si ameshasikia tangu nchi ya kwanza.

Basi mwaka mmoja Krismasi ikaangukia ndani ya Ramadhani. Sisi tulikuwa na jogoo mwekundu, tumemlisha miezi sita, amefungwa mguu kwenye tendegu la kitanda. Alikuwa anakula vichwa vya dagaa na makombo, na nyumbani kwetu yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa makombo. Mama alikuwa ameniahidi paja. Miezi sita nimelala na paja lile, nimeamka nalo.

Siku tatu kabla ya sikukuu, alasiri, Mama alikuwa anashona. Upande wa pili Bi Zuwena anatwanga. Mama akasimamisha sindano.

"Unasikia, Esta?"

"Bi Zuwena anatwanga vitu vya futari."

"Hatwangi kitu. Kinu chenye kitu hakilii hivyo."

Nikasikiliza. Kweli, ulikuwa mti mtupu unapiga mti, ko, ko, ko. Bi Zuwena alikuwa anatwanga kinu kitupu ili sisi majirani tujue kwake kunapikwa. Kumbe futari yao ilikuwa tende na maji, na daku yao tende na maji. Mama alijuaje sauti ile, sikumuuliza, na mpaka leo naogopa kumuuliza.

Baba alipoambiwa alisimama wima. Aya zilimjia tatu kwa mpigo. Akasema anapeleka sahani usiku ule ule, pamoja na neno la Mungu.

"Baba Esta," Mama akamwambia, "ukipeleka sahani na mahubiri, yule mzee atayasikiliza mahubiri mpaka mwisho kwa adabu zake, khalafu atakurudishia sahani."

"Sasa tuwaache na njaa?"

"Niachie mimi na jogoo."

Asubuhi ya Krismasi, tulipokwisha kusali, Mama akamtia jogoo kwapani, akanishika mimi mkono, akapiga hodi kwa jirani.

"Bwana Seif, nna shida. Leo sikukuu yetu, na magharibi nna wageni wawili wa hospitali. Waislamu. Hawali cha kuchinja Baba Esta."

Nikafungua mdomo, maana wageni hawakuwapo. Mama akanifinya. Bwana Seif akainuka, na akainuka akawa mrefu kuliko nilivyomzoea.

"Lete kisu," akamwambia mkewe.

"Na kwetu mchinjaji ana haki yake," Mama akasema. "Paja."

"Mimi shingo yanitosha, mama."

"Haiwi, Bwana Seif. Mila ni mila."

Mila hiyo mimi sikuwahi kuisikia tangu kuzaliwa, na paja moja likawa limekwenda. Haukupita muda Mama akatoka tena. "Bi Zuwena, kinu chetu kimepasuka, hebu nisaidie kutwanga bizari, nawe upate lako." Kinu chetu kilikuwa chini ya kitanda, kizima, kimefunikwa khanga. Paja la pili hilo, nalo likaenda. Bi Zuwena akatwanga, na safari hii sauti ya kinu ikawa nzito. Thuweiba akaitwa kunyonyoa manyoya, akaahidiwa mabawa. Jogoo akawa anavuka ukuta kipande kipande, hata hajapoa.

Tulikaa uani tunanyonyoa, mimi na Thuweiba, na hasira zimenijaa. Nikamwambia yote. "Baba anajua kuchinja kuliko babu yako. Kinu chetu kizima, nimekiona kwa macho yangu. Na wageni hakuna. Mama anakuhurumieni tu."

Neno likishatoka halirudi. Nilijua pale pale nimefanya nini: akimwambia babu yake, kila kitu kitarudishwa, wao watafuturu tende siku ya sikukuu yetu, na salamu baina ya nyumba mbili itakufa. Thuweiba hakuinua kichwa. Akaendelea kunyonyoa.

"Najua," akasema. "Wageni gani wa hospitali waje kwenu, mkeka wenyewe mnao mmoja. Bibi anajua vile vile. Kasema tunyamaze."

"Na babu yako?"

"Babu hajui. Anakinoa kisu mara ya tatu sasa, na jogoo keshachinjwa. Esta, ukimwambia Babu sisemi nawe mpaka nife."

Nikanyamaza. Sikuwa na mazoea ya kunyamaza na jambo ninalolijua, ilikuwa kazi kubwa kuliko kushinda na njaa. Na njaa nayo ilikuwapo, kwa sababu Mama alikataza mtu kutia kitu mdomoni huku harufu ya jogoo inapita kwenye makuti kuwaendea waliofunga. Kwa hiyo Krismasi ile mimi, Mkristo niliyebatizwa, nilifunga Ramadhani. Mafundisho ya kipaimara hayakunitayarisha kwa hilo.

Mzinga wa kufuturu ukalia. Mama akatoka kutazama wageni mara mbili, anakinga macho kwa mkono, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuwangoja. Khalafu akaita.

"Bwana Seif, wageni wamepata udhuru. Wali huu ukilala utachacha, na kutupa chakula ni dhambi kwenu na kwetu."

"Kutupa haiwezekani," Bwana Seif akasema. "Tandikeni."

Mkeka ukatandikwa, sinia likawekwa, na Bwana Seif akakaa kama alivyokuwa akikaa shambani kwake siku za Idi. "Karibuni, kuleni, msione haya," akatukaribisha chakula chetu wenyewe. "Dresa, sogea, sogea." Baba akasogea. Alikuwa ameandaa sala ndefu, ilionekana usoni mwake. Mama akamtazama. Baba akasema, "Mungu wetu, asante," akaishia hapo. Ndiyo sala yake fupi kuliko zote, na nadhani ndiyo pekee iliyofika ikiwa moto.

"Usichukie, Dresa," Bwana Seif akasema, mkononi ana paja. "Nyinyi mna mengi mazuri, lakini kuchinja hamjui. Onja nyama hii."

Baba, aliyekuwa akichinja ng'ombe wa sikukuu za kanisa Unguja na watu wakimsifu mwaka mzima, akameza tonge. "Hatujui, Bwana Seif," akasema. "Na mwakani tutakuita."

Mimi nilikula shingo. Thuweiba, bila ya kunitazama, akasukuma kipande cha bawa kwa kidole mpaka upande wangu wa sinia.

Tangu hapo nimesoma dini na nimefanya mitihani yake. Niliandika insha juu ya kumlisha mwenye njaa nikapata alama nzuri, kwa kuwa hakuna swali lililoniuliza utamlishaje bila ya kumwinamisha kichwa. Mtihani huo aliupasi Mama, aliyeishia darasa la pili, tena kwa kusema uongo mtupu siku ya kuzaliwa Yesu. Ninajaribu kumwelewa Mungu anayesahihisha hivyo, na nampenda zaidi.

Siku hizi, Mungu ashukuriwe, mji umefunguka. Bwana Seif kahamia kwa mwanawe mwenye kazi ya serikali, na Thuweiba anajifunza taipu. Sisi tunakaa nyumba ya matofali. Wiki iliyopita Baba alileta kuku wa kopo: hana shingo, hana miguu, hana wa kumchinja wala wa kumnyonyoa. Wadogo zangu walikula nusu, nusu wakampa paka. Ukuta mnene, jirani akitwanga husikii, akiomba huitikii. Upande wa pili wamehamia watu wapya, wametoka Unguja na masanduku mawili, na mpaka leo sijaona moshi kwao. Jana alasiri nilijaza sahani wali, nikaufunika, nikasimama nayo mlangoni kwetu muda mrefu. Wali ukapoa mikononi mwangu. Elimu yote hii, na sikujua nianze na uongo gani.