Aliyeketi Mahali Pangu

Miaka ile ya tisini, minong'ono kuhusu waabudu shetani ilikuwa imeenea kote mlimani, kwa hiyo kundi letu la kutafakari liliacha mlango wazi, ili mpita njia yeyote aone hatuna la kuficha. Tulikutana Jumamosi alasiri mjini Naro Moru, katika chumba cha mbao nyuma ya duka la mbegu. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu mstaafu. Tuliketi wawili wawili, tukitazamana. Mmoja alifumba macho na kujiuliza kimoyomoyo, "Mimi ni nani?" Mwenzake alimwangalia, kisha akasema alichokiona bila kukifafanua.

Nilikuwa na sababu yangu. Kwetu mwana wa kiume wa pili, kama mimi, hupewa jina la babu mzaa mama, na mama humwita "baba" tangu siku anapozaliwa. Babu alikufa kabla sijazaliwa, lakini nilikua nikiambiwa kwamba hasira yangu ni yake, mwendo ni wake, hata kupenda chumvi ni kwake. Nilitaka kujua langu ni lipi. Kila Jumamosi niliondoa kimawazo jambo moja lililokuwa lake, nikatazama kilichobaki.

Siku moja niliketi na mama mmoja mzee wa Kiganjo. Alikuwa mgeni, hakuijua familia yetu. Ukungu ulikuwa umeshuka na kuingia ndani hadi kwenye magoti yetu. Nilipofumbua macho, alikuwa amekivuta kiti chake nyuma.

"Umeona nini?" mwalimu akamuuliza.

"Ati niseme ukweli? Nimeona mzee. Huyu kijana hakuwa hapa."

"Kijana na hicho kipara?" mtu akatania, akinyooshea kidole kichwa changu. Watu wakacheka, yule mama hakucheka.

"Yuko na masikio yaliyotobolewa, yananing'inia. Amekaa akiangalia mlango kama mtu anangoja kuitwa ndani."

Nilijituliza kwa hoja: wazee wote wa zamani walitoboa masikio. Hilo halikuthibitisha chochote. Lakini ule mlango ulinisumbua, na kesho yake baada ya kanisa nilikwenda kwa mama, aliyeishi kwenye shamba la babu upande wa Nyeri. Nilimkuta uani akipepeta maharagwe.

"Mama, babu alipenda kukaa wapi?"

"Nje, karibu na mlango wa nyumba ile ya kwanza. Kwa nini, baba?"

Nyumba hiyo ilibomolewa kabla sijazaliwa. Mahali pake palilimwa, na sikuwahi kuonyeshwa ilikosimama. Hata hivyo nilikuwa nimekwisha kugeuka. Nilikuwa nikitazama sehemu moja kati ya migomba, na nilijua kizingiti kilikuwa hapo, na kwamba kilikuwa cha jiwe.

Mama alifuata macho yangu. Akacheka, akaendelea kupepeta.

"Sasa unaniuliza nini, na wewe mwenyewe unapajua?"

Sikurudi tena Naro Moru. Mwalimu alinipitia mara moja, akadhani nimeogopa maneno ya watu. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimefanya kazi yangu kwa utaratibu, nikiondoa na kuondoa, na sikuwa nimebakisha mengi. Niliogopa kufika mwisho na kukuta kwamba hata yule aliyekuwa akiondoa hakuwa mimi.