Nilivyomkatia Mzee Yeremia Pua ya Boksi

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta mwingine wa kumlaumu, maana kazi hiyo nimeshaifanya mimi na sikumpata mtu.

Jina langu niachie. Hapa Njombe wanaonijua watanitambua kabla hawajafika katikati, na wasionijua hawajakosa kitu.

Gari la sinema la Serikali unalijua. Linakuja na shuka lake jeupe, linaonyesha kwanza zile picha za kuchorwa zinazotembea, mnyama anapigwa nyundo anakuwa bapa kama chapati halafu anainuka anakimbia, watu wanakufa kwa kicheko. Ndipo inaletwa picha ya mafunzo, na watu wananuna.

Picha ya mafunzo iliyotugombanisha sisi ilipigwa hukuhuku kwetu. Ilikuwa juu ya mkulima mlevi. Anakunywa ulanzi tangu asubuhi, hatengenezi matuta, mvua inakuja inasomba mahindi yote, na yeye anakaa kwenye tope analia. Basi!

Aliyecheza mlevi ni Mzee Yeremia, mzee wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kuonja ulanzi maishani mwake! Wale Wazungu wa picha walimchagua kwa sababu ana uso mrefu wa huzuni.

Jamani, ugomvi uliotokea! Wengine walisema Serikali imetutukana Wabena wote, kwamba sisi ni walevi. Wengine walisema mzee wa kanisa hawezi kushika kikombe cha ulanzi hata kwa mchezo, aondolewe. Mzee Yeremia alisimama mbele ya kanisa akasema, "Ndugu zangu, kwenye kile kikombe mlikuwa na maji ya mtoni. Niliambiwa picha itawasaidia watu mashamba yao yasiondoke. Kama nimekosa, mnisamehe." Halafu akaomba, kwa sauti yake ile ya taratibu, akikohoa kidogo kwanza kama anayebisha hodi kwa Mungu. Maneno yakaisha. Heshima yake ikarudi.

Sasa mimi nilikuwa nimemposa binti yake, Raheli. Posa ilishapokelewa. Na mzee alinipenda kama mwanawe, maana baba yangu alipofariki ni yeye aliyekaa na sisi msibani mpaka watu wa mwisho wakaondoka.

Nilikuwa Makambako nikiandika majina kwenye malori. Mkono wangu ni mwepesi kwa kuchora, sijisifu, ndio ulioniponza. Nilipoziangalia zile picha za kuchorwa nikajiambia, hata mimi naweza! Nikakata watu kwenye maboksi, nikawaunga viungo kwa uzi, nikawashikiza vijiti vya mianzi. Shuka mbele, karabai nyuma, na vivuli vikaanza kutembea.

Nikatunga vichekesho juu ya ile picha ya mlevi. Nia yangu ilikuwa njema, au ndivyo nilivyojidanganya. Nilitaka kumcheka Bwana Shamba, yule mtu wa Serikali anayetusukuma kutengeneza matuta. Nikamkatia kofia kubwa kama chungu, tumbo linalotangulia mbele, akawa anainama kupima matuta huku mvua inaisomba kofia yake na yeye anaikimbiza.

Raheli alikuja Makambako na shangazi yake kununua chumvi, akawaona wale watu wangu wa boksi.

"Na huyu mwenye kikombe ni nani?" akauliza.

"Ni mlevi wa kwenye picha."

"Mlevi wa kwenye picha ni baba."

"Raheli, mimi simcheki baba. Naicheka Serikali."

Akaniangalia. "Basi mtoe baba, ibaki Serikali."

Nikacheka. Nikamwambia hajui mambo ya sanaa. Sanaa! Mpumbavu mimi!

Onyesho la kwanza lilikuwa uani kwenye mgahawa wa chai, giza lilipoanza tu kuingia. Ilipotokea kofia ya Bwana Shamba, watu walicheka kidogo, wakageuka kutazama nyuma kama kuna karani wa Boma. Alipotokea mlevi, wakacheka kwa tumbo zima. Hapo ndipo nilipoharibika. Mtu akishaonja kicheko cha umati, hasikii tena.

Onyesho lililofuata nikamkatia mlevi pua ndefu zaidi. Kila akinywa, pua inakua. Madereva wa malori wakagaragara. Ila bado nikaona kuna kitu kimepungua. Mlevi hana sauti. Nikampa sauti.

Nikampa ile ya Mzee Yeremia akiomba.

"Khm, khm. Ndugu zangu, tuombe," anasema mlevi huku pua imezama kwenye kikombe.

Mgahawa ulitaka kuvunjika!

Habari zikafika Njombe, nikaitwa nionyeshe kwenye uwanja wa soko. Nilipochungulia pembeni mwa shuka, nikarudisha kichwa haraka. Mstari wa mbele alikuwa ameketi Bwana Shamba mwenyewe. Na viti vichache kutoka kwake, amevaa koti lake la Jumapili, alikuwa Mzee Yeremia. Aliambiwa kijana wake anaisema Serikali kwa ajili yake, akaja kuniunga mkono.

Ningeweza kumwacha mlevi ndani ya boksi. Hakuna aliyenishika mkono. Lakini uwanja ulikuwa umejaa, ndugu yangu, umejaa!

Ilipotokea kofia nikajua leo nalala mahabusu. Lakini Bwana Shamba alipiga mapaja yake akilia kwa kicheko. "Ni mimi! Tumbo langu hilo! Rudia!" Nikarudia. Halafu akaingia mlevi, na watu walishakuwa wamesikia habari zake, wakaanza kumsemea kabla sijafungua mdomo. "Khm, khm! Tuombe!"

Mzee Yeremia hakuondoka. Alikaa mpaka mwisho, akapiga makofi kama wengine, akachukua kofia yake akaenda nyumbani.

Jumapili iliyofuata akaitwa kuongoza maombi. Akasimama, akakohoa kidogo kama kawaida yake. Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Mwingine akafuata. Akina mama wakawa wanauma ncha za khanga zao, mabega yanatetemeka. Mzee akasubiri. Akajaribu tena kuanza, na kikohozi kikamtoka tena, na kanisa zima likashindwa kujizuia.

Akakaa. Mpaka leo hajasimama tena kuomba mbele za watu.

Nilikwenda kwake. Nilimkuta anapalilia.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Kazi inaendeleaje?"

Nikalia hapohapo. Nikamwambia anipige, anitukane. Akaegemea jembe.

"Wazungu walinifanya mlevi, nikabakiwa na sala yangu, ikanisafisha," akasema. "Wewe umeichukua sala. Sasa nikiomba hata peke yangu, nasikia ile ya kwako."

Raheli alitoka ndani akasimama mlangoni. Hakunitukana. Alisema, "Ulisema unaicheka Serikali. Serikali imeumia wapi?"

Jibu ninalo, na ndilo linalonitesa. Serikali iliniajiri! Ile picha yao imeondolewa, maana watu wanaicheka hata mahali pa kulia. Badala yake Bwana Shamba amenipa nafasi kwenye gari la sinema, nazunguka na boksi langu nikifundisha matuta. Nilimsihi anikubalie nimtoe mlevi. Akanigonga bega akasema, "Bila huyo, nani atakuja kutazama?" Na ni kweli. Nilijaribu siku moja bila mlevi, watu wakaanza kuondoka.

Raheli ameolewa Matembwe na mpasua mbao. Nasikia ni mtu mkimya.

Nakuonya wewe unayejua kuchekesha. Mkubwa ukimcheka atafurahi, atakuita mezani kwake. Anayeumia ni yule uliyemwingiza ndani ili kicheko kinoge, na huyo mara nyingi ni mtu anayekupenda, kwa sababu ndiye pekee uliyekuwa karibu naye kiasi cha kumjua vizuri. Mwache nyumbani kwake! Kama kichekesho chako hakiwezi kusimama bila yeye, kichome, hata kama uwanja umejaa.

Mimi sikukichoma. Kesho gari linaondoka kwenda Makete, na nimeambiwa watu wameanza kukusanyika tangu leo.