Jiwe la Boke

Mto wa nyuma ya mji wa Tarime ulikuwa na kazi zake kabla halmashauri haijaugundua. Boke, mjane wa Heche, aliujua tangu alipokuja kuolewa. Hapo ndipo alipokuwa akizamisha gunia lake la nafaka ya wimbi, akalifunga kwenye jiwe, likilowa akaenda kuiotesha iwe kimea. Pombe ya harusi za watoto wake wote ilianzia kwenye jiwe hilo, na sasa mjukuu alikuwa anaolewa.

Watu wa halmashauri wakaleta bustani ya afya. Wakapanda majani ambayo ng'ombe haruhusiwi kula. Wakasimika baiskeli ya chuma isiyokwenda popote. Mtu mzima, mwenye mke, anaikanyaga mpaka jasho linamtoka, halafu anashuka palepale alipopandia. Wengine walikuja na gari ili watembee. Boke aliwatazama, akatema mate pembeni.

Revocatus, mtaalamu aliyeletwa kutoka mbali, alimfuata.

"Shikamoo bibi. Hili jiwe linatoka kesho. Njia ya kutembelea inapita hapa."

"Marahaba. Ipite kwingine."

"Ni kwa afya yenu. Hapa watu watapumzisha akili."

"Wewe umechoshwa na nini, kiti?"

Vibarua wakacheka chini chini. Revocatus akasema atamtuma msimamizi wa kazi, mtu wa hapahapa, watakayeelewana naye.

Asubuhi Boke alikuwa tayari majini, gunia limefungwa. Akamwona msimamizi anateremka na vibarua wenye mitaimbo. Alikuwa Nelson, aliyemwoa binti yake Wegesa. Boke aliketi juu ya jiwe, akapandisha kitenge magotini, akaanza kusugua miguu.

Nelson akageuka kama aliyeungua. Kwa Wakurya, mkwe hamsogelei mama mkwe anayeoga, hata macho hapeleki. Akajificha nyuma ya gari.

"Nenda kamtoe," Revocatus akamwambia.

"Yule ni mama mkwe wangu."

"Si ndiyo vizuri?"

"Mkuu, nenda wewe ukamwangalie miguu. Mimi nina mke nyumbani."

Revocatus hakwenda. Boke alisugua mpaka jua kali, miguu ikang'aa kama ya bibi harusi. Kesho yake akarudi, na kila siku iliyofuata. Saruji ikaanza kuganda mifukoni. Mwishowe njia ikapindishwa, ikalizunguka jiwe kwa mbali kama inavyozunguka kichuguu.

Siku hizi watembeaji wakifika kwenye kona hiyo wanampa shikamoo huku wanatweta. Boke anaitikia bila kugeuka. Wanatweta hivyo, na hata ndoo hawajabeba.