Nilivyomtukana Fundi wa Busia

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Hasira ilinifukuzisha kazi ya uchapaji kule Tororo, ikanimalizia marafiki mmoja mmoja mpaka akabaki mmoja tu: fundi wa kompyuta na simu wa Busia, upande wa Kenya, ambaye tumeitana ndugu tangu ujana. Nilipokosa kazi, yeye ndiye aliyenipa kompyuta kuukuu kutoka kibandani kwake. "Ndugu yangu, anza hata na hii," akaniambia. "Weka tu mfumo mpya, uchape mitihani ya shule." Mwalimu mkuu mmoja wa huko Kiyeyi alikuwa ameahidi kunipa kazi hiyo, ilimradi mashine iwe tayari kufikia Ijumaa.

Basi nikaiweka mezani nyumbani kwa mama, upande wetu wa Uganda. Mashine yenyewe ya zamani mno, haikubali kuanza kwa flashi, inataka CD. Siku ya kwanza tu umeme ukakatika mara mbili. Nikautukana umeme, nikaitukana meza, nikautukana hata waya. Mama alikuwa mlangoni akichambua dagaa wa Majanji. Akanitazama, akaendelea kuchambua. Umeme uliporudi nikaiacha kompyuta inawaka, nikaenda sokoni kutafuta CD.

Nikarudi, nikabonyeza kitufe cha draivu, kisahani chake kikatoka nje, nikaitia CD. Mfumo ukaanza kuingia vizuri, ukafika katikati, ukagoma: faili halisomeki. Nikaitoa CD nikaifuta kwa shati. Wapi! Nikabadilisha waya unaounganisha draivu na mashine. Wapi! Nikanunua CD nyingine kwa muuzaji mwingine, na hiyo ndiyo haikusomeka hata kidogo. Draivu inakoroma, inanyamaza, inakoroma tena, na mimi nimekaa mbele yake jasho linanitoka kwa hasira. Siku tatu! Jumatano jioni nikakata shauri kwamba yule jamaa kanipa takataka makusudi. Kajua sina kazi, akanitupia mzigo uliomshinda yeye.

Alhamisi asubuhi nikaifunga kompyuta kwenye bodaboda, nikavuka mpaka. Sikumsalimia. Kibanda kilikuwa kimejaa wateja, na mkewe alikuwa ndiyo kwanza amemletea chai. Nikasema mbele yao wote kwamba huyu ni mwizi, kwamba anagawa mizoga, kwamba mwenye simu yake hapa aichukue akimbie nayo. Mama mmoja kweli akachukua simu yake, akaondoka. Fundi akaiweka chai chini. Akafuta mikono, akashika bisibisi, akaichomoa ile draivu na kuifungua.

Ndani kumelowa mafuta. Kile kioo kidogo kinachosoma CD kilikuwa kimefunikwa na utando, na vumbi limegandia juu yake. Fundi akanusa, akanisogezea na mimi ninuse. Harufu ile naijua tangu utotoni. Yalikuwa mafuta ya maombi, ya kichupa cha kanisani, ambayo mama alitupaka kila tulipougua.

"Hasira hasara, bwana!" mtu mmoja akapaza sauti, na kibanda kizima kikaangua kicheko. Fundi hakucheka. Akakisafisha kile kioo kwa pamba na spiriti, akairudisha draivu, akatia CD yangu ile ile ya kwanza. Nikasimama pale nikiangalia mfumo ukiingia, robo, nusu, mpaka mwisho. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nisamehe." Akaizima kompyuta, akanisukumia.

"Imepona, mteja," akasema. "Nani anafuata?"

Njia nzima nilikuwa nachemka. Mteja! Miaka yote ile, leo mimi mteja! Nikaapa kwamba leo mama atanitambua. Nikaingia ndani nikiwa nimeshaanza kupiga kelele: nani kamwambia apake kompyuta mafuta, tangu lini mashine ikaombewa, na anajua kanipotezea nini?

Mama aliningoja nimalize. Kiswahili chake ni cha sokoni, alikipata kwenye biashara ya samaki. "Ulipoenda sokoni nilipaka pale kidole yako inabonyeza," akasema. "Hiyo kitu ikatoka nje yenyewe, nikaona imekubali, nikaongeza. Lakini hiyo mafuta haikuwa ya kompyuta, mwanangu. Ilikuwa ya wewe."

Hasira bado ilikuwa imenijaa kifuani. Mama akaenda chumbani, akarudi na kile kichupa. Matone mawili matatu yalikuwa yamebaki. Akaniuliza anipake wapi, mikononi au kichwani.

Nikamwonyesha mdomo.